Gharama za Data kwa Vifaa Vinavyotumia Laini: Mfano wa Tangi la Maji Buigiri

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi utaweza:

(a) kueleza tofauti kati ya laini ya mtu na laini ya kifaa;
(b) kukokotoa kiasi cha data ambacho kifaa hutumia kwa mwezi;
(c) kulinganisha mipango ya malipo na kuchagua unaofaa;
(d) kukadiria gharama ya kifaa kwa muda wote wa uhai wake.

1. Utangulizi

Tunaposikia neno "bando", wengi wetu tunafikiria simu. Lakini laini za simu siku hizi zimo ndani ya vitu vingi visivyo simu. Mashine ya kutolea risiti za kodi (EFD), ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2010, hupeleka taarifa za mauzo kwa njia ya mtandao wa simu. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, navyo hutuma taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa mkopo. Ndani ya kisanduku cha mtambo ule mlikuwa na laini, ili kampuni iweze kuuwasha mteja akilipa na kuuzima asipolipa.

Vifaa vya namna hii huitwa vifaa vilivyounganishwa. Kila kimoja kina laini, na kila laini ina gharama. Swali la mada hii ni moja: gharama hiyo huhesabiwaje, na nani huilipa?

2. Hali halisi: maji katika kijiji cha nyanda kame

Buigiri ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, zaidi ya kilomita 30 mashariki ya Jiji la Dodoma. Kama sehemu nyingine za Ugogo, hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi. Katika eneo kama hili, maji ya kisima kirefu, pampu na tangi ndiyo tegemeo la kaya nyingi.

Miradi ya maji vijijini husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Chini yake, wananchi huendesha mradi wao kupitia chombo cha watumia maji ngazi ya jamii. Chombo hicho hukusanya fedha za ndoo, hulipa mlinzi na fundi, na hununua vipuri. Fedha yake yote hutoka kwa mtu aliyekuja na ndoo.

Sasa tuchukulie mfano. Chombo cha watumia maji kinapewa kihisi cha kupima kina cha maji kwenye tangi. Kihisi kina laini, na kitawajulisha viongozi tangi likipungua au bomba likipasuka usiku. Kifaa kimetolewa bure na mfadhili. Je, ni bure kweli?

*Zingatia: bei zote katika mifano inayofuata ni za kukadiria, kwa ajili ya hesabu. Unapofanya uamuzi wa kweli, tumia bei za siku hiyo kutoka kwa mtoa huduma.*

3. Laini ya mtu na laini ya kifaa

Laini ya mtu hutumia data nyingi kwa vipindi vifupi: video, picha, muziki. Siku nyingine hutumia GB nzima, siku nyingine haitumii kitu. Vifurushi vya siku, wiki na mwezi vimetengenezwa kwa ajili ya matumizi hayo.

Laini ya kifaa ni kinyume chake. Hutuma ujumbe mdogo sana, lakini mara nyingi, usiku na mchana, kwa miaka. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020 zinatambua tofauti hii, kwani zimezitaja laini za mawasiliano ya mashine kwa mashine peke yake, mbali na laini za kupiga simu.

Ipo tofauti nyingine ambayo wengi huisahau. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kanuni ndogo za vifurushi. Miongoni mwa mambo mengine, mtoa huduma alitakiwa kumjulisha mteja matumizi ya kifurushi chake yanapofika asilimia 75 na asilimia 100. Kwa mwenye simu, huo ni msaada mkubwa. Lakini kihisi kilichofungwa juu ya tangi hakisomi ujumbe. Taarifa kwamba kifurushi kinakwisha itafika kwenye tangi, na hapo haina msomaji. Kifaa kitanyamaza, na wanakijiji watadhani kimeharibika.

4. Kukokotoa matumizi ya data

Kumbuka vipimo hivi:

1 KB = baiti 1,024
1 MB = KB 1,024
1 GB = MB 1,024

Ujumbe wa kifaa una sehemu mbili. Ya kwanza ni vipimo vyenyewe: saa, kina cha maji, hali ya betri. Ya pili ni taarifa za njia: ujumbe umetoka wapi, unakwenda wapi, na majibu ya kuthibitisha kwamba umefika. Sehemu ya pili ni kama bahasha na muhuri wa posta, na mara nyingi bahasha huwa nzito kuliko barua.

Mfano wa 1. Kihisi cha tangi hutuma ujumbe kila baada ya dakika 15. Kila ujumbe una baiti 124 za vipimo na baiti 900 za taarifa za njia. Tafuta data inayotumika kwa mwezi wa siku 30.

*Suluhisho*

Ukubwa wa ujumbe = 124 + 900 = baiti 1,024 = 1 KB
Ujumbe kwa saa = 60 ÷ 15 = 4
Ujumbe kwa siku = 4 × 24 = 96
Ujumbe kwa mwezi = 96 × 30 = 2,880
Data kwa mwezi = KB 2,880 ÷ 1,024 = MB 2.81

Kwa hiyo kifaa hutumia chini ya MB 3 kwa mwezi. Video fupi moja ya kwenye simu inaweza kuzidi kiasi hicho.

Mfano wa 2. Mkataba wa laini unasema kila mawasiliano yatahesabiwa si chini ya KB 10, hata kama yametumia 1 KB. Matumizi yatakayolipiwa ni kiasi gani?

*Suluhisho*

Data inayolipiwa = 2,880 × KB 10 = KB 28,800
KB 28,800 ÷ 1,024 = MB 28.1

Angalia vizuri. Kifaa ni kilekile na ujumbe ni uleule, lakini unalipia mara kumi zaidi. Jambo hili huitwa kukadiria kwenda juu, nalo huandikwa kwa mstari mmoja tu ndani ya mkataba. Kabla ya kusaini, uliza: "Kiasi cha chini kinachohesabiwa kwa kila mawasiliano ni KB ngapi?"

Mfano wa 3. Fundi anabadilisha mpangilio. Kifaa kinaendelea kupima kila dakika 15, lakini kinahifadhi vipimo vinne na kuvituma pamoja mara moja kwa saa. Mkataba ni ule wa KB 10. Tafuta data inayolipiwa kwa mwezi.

*Suluhisho*

Ukubwa wa ujumbe = (124 × 4) + 900 = baiti 1,396, ambayo bado ni chini ya KB 10
Ujumbe kwa mwezi = 24 × 30 = 720
Data inayolipiwa = 720 × KB 10 = KB 7,200
KB 7,200 ÷ 1,024 = MB 7.03

Vipimo havikupungua hata kimoja, lakini malipo yameshuka hadi robo. Kilichopungua ni idadi ya bahasha. Hasara yake ni kwamba taarifa ya bomba kupasuka inaweza kuchelewa kwa saa nzima. Mafundi hutatua hilo kwa kukiagiza kifaa kitume mara moja endapo maji yatashuka chini ya kiwango fulani.

5. Kulinganisha mipango ya malipo

Chombo cha watumia maji kina mipango mitatu mbele yake:

*Mpango A:* Kifurushi cha simu cha wiki, GB 1 kwa Sh 2,000. Wiki ikiisha, data iliyobaki hupotea.

*Mpango B:* Laini ya kifaa, Sh 1,500 kwa mwezi pamoja na MB 10. Kila MB inayozidi ni Sh 50. Sehemu ya MB huhesabiwa kama MB nzima.

*Mpango C:* Salio la kawaida bila kifurushi, Sh 100 kwa kila MB. Sehemu ya MB huhesabiwa kama MB nzima.

Kwa Mpango A, jihadhari na kosa la kawaida. Wanafunzi wengi huhesabu wiki 4 kwa mwezi, kisha miezi 12, wakapata wiki 48. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo gharama ni 52 × 2,000 = Sh 104,000.

Kwa Mpango B, kifaa kikituma kila dakika 15 (MB 28.1), kinazidisha MB 18.1, zinazohesabiwa MB 19. Gharama ya mwezi ni 1,500 + (19 × 50) = Sh 2,450. Kwa mwaka ni Sh 29,400.

Kwa Mpango C, MB 28.1 huhesabiwa MB 29. Gharama ya mwezi ni 29 × 100 = Sh 2,900. Kwa mwaka ni Sh 34,800.

Hesabu za kutuma kila saa hufuata njia hiyohiyo.

*Jedwali Na. 1: Gharama ya laini moja kwa mwaka (Sh)*

| Mpango | Kutuma kila dakika 15 | Kutuma kila saa |
|---|---|---|
| A | 104,000 | 104,000 |
| B | 29,400 | 18,000 |
| C | 34,800 | 9,600 |

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, Mpango A una bei ndogo kuliko yote kwa kila MB, kwani Sh 2,000 ÷ 1,024 ni karibu Sh 2 tu. Hata hivyo ndio ghali kuliko yote kwa mwaka. Kifaa kinachotuma kila saa hutumia chini ya MB 2 kati ya MB 1,024 kwa wiki, na zilizobaki hupotea. Kwa kifaa, *bei ya MB si kipimo cha unafuu. Kipimo ni gharama ya laini kwa mwaka mzima.*

Pili, Mpango B na C hupokezana nafasi. Ni wapi zinapolingana? Tuseme matumizi ya mwezi ni MB *x*, ambapo *x* ni zaidi ya 10:

100*x* = 1,500 + 50(*x* − 10)
100*x* = 1,000 + 50*x*
50*x* = 1,000
*x* = 20

Chini ya MB 20 kwa mwezi, Mpango C ni nafuu. Juu ya MB 20, Mpango B ni nafuu.

6. Hatari ambazo hazionekani kwenye jedwali

*Sasisho la programu.* Kifaa kinaweza kupakua sasisho bila mtu kujua. Tuseme sasisho ni MB 60 katika mwezi ambao kifaa kimetumia MB 7.03. Jumla ni MB 67.03, zinazohesabiwa MB 68. Katika Mpango C gharama ya mwezi ule inaruka kutoka Sh 800 hadi Sh 6,800. Katika Mpango B inakuwa 1,500 + (58 × 50) = Sh 4,400. Dawa yake ni kuzima masasisho ya kujiendesha, au kumwomba mtoa huduma aweke ukomo wa matumizi.

*Laini kulala.* Laini isiyotumika wala kuongezwa salio kwa muda mrefu inaweza kufungwa. Lazima pawe na mtu mwenye jukumu la kuongeza salio, na tarehe yake iandikwe kwenye daftari la mradi.

*Laini ya jina la mtu.* Laini ikisajiliwa kwa jina la mwenyekiti, naye akamaliza muda wake au akahama, mradi unaweza kushindwa hata kupata laini mbadala. Ni salama zaidi laini isajiliwe kwa jina la chombo chenyewe.

*Laini kutoka nje.* Baadhi ya vifaa huja na laini ya nchi nyingine. Hufanya kazi, lakini data hulipiwa kama ya mgeni aliye safarini, na malipo yanaweza kuwa ya fedha za kigeni.

7. Je, kila kifaa kinahitaji laini?

Fikiria mita ya LUKU ya kawaida. Unalipa kwa simu, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, na umeme unawaka. Mita yenyewe haina haja ya laini. Mtu ndiye anayebeba ujumbe kutoka kwenye simu yake hadi kwenye mita, na ujumbe wote ni tarakimu 20. Kwa njia hii mita nyingi mno hufanya kazi bila kulipiwa bando.

Njia nyingine ni ujumbe mfupi wa maandishi (SMS). Ujumbe mmoja hubeba baiti 140, nazo zinatosha vipimo vyetu vya baiti 124. Kama kijiji kinahitaji tu kujua kina cha tangi kila asubuhi, SMS moja kwa siku inaweza kutosha.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "tununue kifurushi gani?", uliza kwanza "nani anahitaji taarifa hii, na baada ya muda gani?"

8. Gharama ya uhai wote wa kifaa

Turudi kwenye swali la mwanzo. Tuchukulie kifaa kina thamani ya Sh 250,000 na kitadumu miaka 5, kikituma kila saa.

*Jedwali Na. 2: Gharama ya miaka 5 (Sh)*

| Mpango | Kifaa | Data ya miaka 5 | Jumla |
|---|---|---|---|
| A | 250,000 | 520,000 | 770,000 |
| B | 250,000 | 90,000 | 340,000 |
| C | 250,000 | 48,000 | 298,000 |

Mfadhili amelipa safu ya pili tu. Safu ya tatu italipwa na kijiji. Katika Mpango A, data inagharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya kifaa.

Sasa tuigeuze iwe ndoo. Tuchukulie ndoo ya lita 20 inauzwa Sh 50. Katika Mpango A, mapato ya ndoo 2,080 kila mwaka yanakwenda kwenye bando la tangi moja (104,000 ÷ 50). Katika Mpango C ni ndoo 192. Tofauti ni ndoo 1,888, yaani mapato ya lita 37,760 za maji. Fedha hizo zingeweza kununua koki, kulipa fundi, au kuzuia bei ya ndoo isipande mwezi wa Oktoba, wakati kiangazi kimekaza.

Hii haina maana kwamba kihisi ni kibaya. Tangi likivuja usiku mmoja bila mtu kujua, hasara inaweza kuzidi bando la mwaka. Maana yake ni kwamba anayepokea kifaa cha bure amepokea pia ankara ya kila mwezi, na ni lazima aijue kabla ya kukubali.

Muhtasari

1. Kifaa hutumia data kidogo, mara nyingi, kwa miaka mingi.
2. Idadi ya mawasiliano na kiwango cha kukadiria kwenda juu huongeza gharama kuliko ukubwa wa vipimo.
3. Linganisha mipango kwa gharama ya mwaka, si kwa bei ya MB.
4. Jumlisha bei ya kifaa na data ya miaka yote ya uhai wake.
5. Taarifa za kifurushi hufika kwenye kifaa, hivyo awepo mtu wa kufuatilia.

Maswali ya marudio

1. Kifaa hutuma ujumbe kila dakika 30, na kila mawasiliano huhesabiwa KB 10.
 (a) Tafuta data inayolipiwa kwa mwezi wa siku 30.
 (b) Kati ya Mpango B na C, upi ni nafuu, na kwa kiasi gani kwa mwezi?

2. Katibu wa mradi ametenga Sh 96,000 kwa Mpango A kwa mwaka. Eleza kosa lake. Kifaa kitakaa wiki ngapi bila mawasiliano?

3. Mradi una laini 8 za Mpango B. Laini 2 hutumia MB 20 kila moja kwa mwezi, na laini 6 hutumia MB 5 kila moja. Mtoa huduma anakubali MB zote ziwekwe kwenye kapu moja. Mradi utaokoa kiasi gani kwa mwezi?

4. Eleza kwa nini mita ya LUKU ya kawaida haihitaji laini, kisha taja hasara moja ya njia hiyo.

5. Wewe ni mjumbe wa chombo cha watumia maji. Mfadhili anataka kuwapa vihisi 8 bure. Andika maswali matano utakayomuuliza kabla ya kuvipokea, na sababu ya kila swali.

Majibu

1. (a) 48 × 30 × KB 10 = KB 14,400 = MB 14.06. (b) Mpango B: 1,500 + (5 × 50) = Sh 1,750. Mpango C: 15 × 100 = Sh 1,500. Mpango C ni nafuu kwa Sh 250.

2. Amehesabu wiki 48 badala ya 52. Zimepungua Sh 8,000, hivyo kifaa kitanyamaza kwa wiki 4.

3. Bila kapu, laini 2 zinazidisha MB 10 kila moja: 20 × 50 = Sh 1,000. Kwenye kapu kuna MB 80, na matumizi ni 40 + 30 = MB 70, hivyo hakuna ziada. Mradi utaokoa Sh 1,000.

4. Mteja hubeba ujumbe mwenyewe kwa kubonyeza tarakimu. Hasara: shirika haliwezi kuona hali ya mita papo hapo.

5. Majibu yatatofautiana. Jibu zuri litagusa mpango wa malipo, kukadiria kwenda juu, jina la usajili wa laini, masasisho ya programu, na nani atalipa ufadhili ukiisha.